Ukungu wa Meru na ukungu wa Mombasa

Najua kimya kimekuwa kirefu. Kuna mmoja aliniandikia barua pepe akiuliza kama nimetupa tarakilishi nikaanza kuuza muguka. La, bado niko hapa Embu, na tarakilishi bado inanguruma mezani. Ila leo sitaandika kuhusu Python wala Linux. Leo nitaandika kuhusu kifua changu. Usiondoke lakini, mambo ya sensa na grafu yako mbele.

Sababu ni simu. Wiki mbili zilizopita dada yangu mkubwa alinipigia kutoka nyumbani Githongo, kule Meru. Mwanawe wa miaka saba ana pumu, kama mimi. Usiku huo mtoto alikuwa amekohoa hadi alfajiri. Familia ilikuwa imeketi na kukata shauri: mtoto apelekwe Mombasa, akaishi kwa shangazi yetu na kusomea huko. "Wewe ndiye ulikaa Mombasa," dada akaniambia, "na tulisikia ulipona. Sasa tuambie, tumpeleke muhula ujao ama tungoje Januari?"

Nilishindwa kujibu papo hapo. Walichosikia ni kweli, lakini ni nusu. Nusu ya pili sikuwahi kuwaambia, kwa sababu sikutaka mama apate shinikizo la damu: Mombasa ndiko nilikokaribia kufa.

Nilimwambia dada nitampigia baadaye. Kisha nikafungua faili zangu za zamani. Haya ndiyo niliyomweleza, na nimeonelea niyaandike hapa kwa sababu najua si familia yetu pekee inayoamini kwamba dawa ya pumu ni kuhama.

Nianze na ugonjwa wenyewe. Mapafu yana vijia vya hewa vinavyogawanyika kama matawi ya mti (sisi wa tarakilishi tungesema kama saraka ndani ya saraka). Mwenye pumu, vijia hivyo vimevimba kwa ndani hata siku ambayo anajisikia mzima. Vikichokozwa na moshi, baridi, vumbi, mafua au kitu anachokidhuru, misuli inayovizunguka inajikaza, ute unaongezeka, na hewa inapita kwa shida huku ikipiga mluzi. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 262 walikuwa na pumu, na watu 455,000 walikufa kwa ajili yake. Mzio ni ndugu yake wa karibu: mwili unakosea, unakiona kitu kisicho na hatia kama vumbi la godoro au chavua ya maua kuwa adui, na kuanza vita. Kwa wengi wetu hayo mawili hutembea pamoja, pua kwanza, kifua baadaye.

Nilizaliwa Githongo, pale ambapo mashamba ya majani chai yanakaribiana na msitu wa Mlima Kenya. Mji wa Meru wenyewe uko mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na kwetu ni juu zaidi. Mwezi wa Julai ukungu unashuka kutoka msituni na kukaa hadi saa nne asubuhi. Nikiwa mtoto nilikwenda shule nikiwa nimefunga shali mdomoni, na kila mtu alijua ni kwa nini. "Huyu mtoto, baridi imemwingia," nyanya yangu alikuwa akisema, kisha ananiita jikoni nikae karibu na moto.

Jikoni kwetu ni jiko la mafiga matatu, kuni mbichi wakati wa mvua, na dirisha moja dogo kama la posta. Nilipenda sana kukaa pale. Palikuwa na joto, palikuwa na githeri, palikuwa na hadithi. Haikumjia mtu yeyote kwamba kile kikohozi cha jioni kilikuwa kinaanzia pale pale tulipokuwa tunakitibu.

Basi nikasoma, nikapata digrii yangu ya sayansi ya kompyuta, na Januari 2024 nikapata kazi Mombasa, katika kampuni ndogo inayotengeneza programu za kufuatilia mizigo. Mama alifurahi kuliko mimi. "Hewa ya bahari itakuponya," alisema. Hata mjomba wangu, ambaye hajawahi kushuka chini ya Thika, aliapa kwamba Pwani hakuna pumu.

Na kweli, wiki za kwanza zilikuwa kama muujiza. Nilikuwa na inhela mbili tangu chuoni: ya samawati ya kufungua kifua wakati kimebana, na ya kahawia ya kupuliza kila siku. Ile ya samawati nilisahau hata niliiweka wapi. Nililala bila mluzi kifuani. Nilitembea kutoka Tudor hadi mjini bila kuhema. Mwishoni mwa Januari nikaona, ya nini basi kununua ile ya kahawia? Nikaiacha. Nikampigia mama simu nikamwambia nimepona, naye akaitangaza habari hiyo kanisani. Hivyo ndivyo "tulisikia ulipona" ilivyoanza.

Mwezi wa Machi pua ikaanza. Nilikuwa napiga chafya kumi mfululizo kila asubuhi, macho yanawasha, na nikitoka nje natulia. Nikadhani ni mafua. Kisha kaskazi ikakoma, kusi ikaanza kuvuma, na zikaja mvua za Aprili na Mei 2024, zile zilizoleta mafuriko sehemu nyingi za nchi. Chumba changu kilikuwa cha chini, nyuma ya ghorofa, na nguo nilikuwa naanika ndani kwa sababu nje hazikauki. Nikaanza kuamka saa tisa usiku nikitafuta ile inhela ya samawati.

Usiku mmoja wa Mei niliipuliza mara nne, mara sita, mara kumi, na hakuna kilichofunguka. Nilijaribu kumpigia jirani simu na sauti haikutoka. Nilikuwa na hewa ya kutosha neno moja tu kwa wakati mmoja. Nikagonga ukuta kwa kiatu. Jirani, mama mmoja mtu mzima wa pale pale Tudor, alikuja na mwanawe wakanipakia kwenye tuktuk. Ninachokumbuka ni taa za barabarani, na kwamba nilikuwa najaribu kuhesabu pumzi zangu kama mtu anayehesabu marudio ya kitanzi kisicho na mwisho.

Hospitalini waliniwekea oksijeni na barakoa ya dawa ya mvuke, wakanipa na vidonge vya steroidi. Kulipopambazuka daktari akaniuliza swali moja: "Ile dawa ya kila siku uliacha lini?"

Yule jirani alikuja kunitazama jioni. Alikuwa amepita chumbani kwangu kunichukulia nguo. "Mwanangu," akasema, "nyuma ya kabati lako kuna ukungu ukuta mzima. Wewe unalala humo?"

Neno hilo lilinikaa kichwani. Kiswahili kina neno moja, ukungu, kwa ule mvuke mweupe unaoshuka mlimani na kwa ile koga nyeusi inayoota ukutani. Nilikuwa nimekimbia ukungu wa nje Meru nikaja kulala na ukungu wa ndani Mombasa.

Sasa tuingie kwenye mambo yetu.

Kila mwandishi wa programu anajua kosa hili: unabadilisha vitu vitano katika programu kwa wakati mmoja, programu inafanya kazi, halafu inaharibika, na hujui ni badiliko gani lilifanya nini. Mimi nilikuwa nimefanya hivyo na mwili wangu. Nilipohama kutoka Githongo sikubadilisha hali ya hewa peke yake. Niliacha moshi wa kuni. Niliacha baridi ya alfajiri. Nilibadilisha nyumba, kitanda na godoro (godoro lenyewe nililirithi kwa mpangaji aliyenitangulia, aibu kusema). Kisha nikaacha dawa. Na nikasema ni "hewa ya bahari".

Nilipotoka hospitalini nilinunua kipimo cha pumzi, kile kibomba cha plastiki unachopuliza kwa nguvu na kishale kinasogea. Mwingereza Martin Wright ndiye aliyebuni kifaa cha kwanza cha namna hiyo katika miaka ya 1950. Kinakuonyesha ni lita ngapi kwa dakika hewa inatoka kwa kasi yake kubwa kabisa. Ni kifaa rahisi kama rula, na nashangaa kwamba nilikuwa na pumu miaka ishirini bila kukishika. Nikawa napuliza asubuhi na jioni, mara tatu, na kuandika ile kubwa. Kisha nikafunga sensa ya DHT22 kwenye kibodi kidogo cha ESP8266 kuniandikia joto na unyevu wa chumba kila dakika kumi. Kwa hali ya hewa ya nje nilichukua taarifa zinazotolewa kwa marubani wa uwanja wa ndege wa Moi, ambazo mtu yeyote anaweza kuzisoma kwenye mtandao. Zina joto na kiwango cha umande kila saa, na skripti ya mistari thelathini inatosha kuzichambua.

Safari hii niliamua kubadilisha kitu kimoja kimoja. Mwezi na nusu wa kwanza nilirudia ile inhela ya kahawia tu, kama daktari alivyoagiza, bila kugusa chumba. Vipimo vyangu vya asubuhi vilitoka karibu 350 vikapanda taratibu hadi 450. Kisha nikashughulikia chumba: godoro jipya, ukuta ukasuguliwa na kupakwa rangi upya, kabati likasogezwa mbali na ukuta, nguo zikaanikwa nje, madirisha ya pande mbili yakafunguliwa upepo upite. Vipimo vikafika 490, na zile chafya za asubuhi zikaisha. Kiwango changu bora kabisa ni 520, kwa hiyo sikuwa mbali.

Na hali ya hewa ya nje je? Hapa ndipo grafu iliponishangaza. Nilitegemea kuona siku za unyevu mwingi zikifuatwa na siku za kifua kibaya. Sikuona. Unyevu wa nje Mombasa ulikuwa juu siku zote, kifua kikiwa kizuri na kikiwa kibaya. Kitu ambacho hakibadiliki hakiwezi kukueleza kwa nini kingine kinabadilika. Unyevu wa ndani ya chumba changu ndio ulioshuka baada ya kufungua madirisha, kutoka juu ya asilimia 80 hadi sabini na kitu.

Bila shaka mgonjwa mmoja na chumba kimoja si utafiti. Kwa hiyo nilisoma, nikajaribu kuelewa kinachotokea.

Kwanza, hesabu kidogo. Watu husema hewa ya Meru ni kavu na ya Mombasa ni ya maji. Asilimia ya unyevu haisemi hivyo. Asubuhi ya ukungu Meru, nyuzi 14, unyevu unaweza kuwa asilimia 90. Mchana wa Mombasa, nyuzi 30, ni asilimia 75. Ukitazama asilimia utasema Meru ndiko kwenye maji zaidi. Lakini hewa ya moto inabeba maji mengi kuliko ya baridi. Ukikokotoa, ile ya Meru ina gramu 11 hivi za maji katika kila mita ya ujazo, na ile ya Mombasa ina gramu 23 hivi. Na hewa hiyo ya Mombasa ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 25 au chini, inaanza kuacha maji. Ndiyo maana chupa ya soda inatoka jasho, na ndiyo maana ukuta usiopata jua nyuma ya kabati unaota koga.

Pili, kuna wadudu. Ndani ya godoro, mto na blanketi wanaishi utitiri wa vumbi, wadogo hata macho hayawaoni, wanaokula mabaki ya ngozi yetu. Waholanzi Voorhorst na Spieksma, kule Leiden katika miaka ya 1960, ndio walioonyesha kwamba kitu kinachowadhuru watu katika vumbi la nyumba kinatokana hasa na wadudu hawa. Wanaouma si wao; ni kinyesi chao, kinachopeperuka ukitandika kitanda na kuingia puani. Na utitiri hawanywi maji. Wananyonya unyevu kutoka kwenye hewa. Unyevu ukikaa chini ya asilimia 50 kwa muda wanakauka na kufa. Ukiwa sabini au themanini, na kuna joto, wanazaana kwa raha. Yaani ukitaka kumjengea utitiri nyumba ya ndoto yake, utamjengea kile chumba changu. Baadaye daktari wa mzio alinidondoshea matone mkononi na kunichomachoma na sindano ndogo. Palivimba sehemu mbili: ya utitiri, na ya mende. Ndiyo, mende pia, na Mombasa wapo wa kutosha.

Tatu, hewa yenyewe. Ni kweli kwamba hewa baridi na kavu inabana kifua cha mwenye pumu, hasa akikimbia, na hapo mama yangu hakukosea. Lakini hewa ya moto sana yenye unyevu nayo inaweza kubana. Mwaka 2012 watafiti wa Kentucky, Marekani, waliwapumuisha wagonjwa wachache wa pumu isiyo kali hewa ya nyuzi 49 yenye unyevu mwingi kwa dakika chache, na vijia vyao vikajikaza. Kwa watu wazima wa afya haikutokea hivyo. Inaonekana joto linaamsha neva za koo na mapafu. Nyuzi 49 si Mombasa, lakini mtu aliyewahi kupanda matatu iliyojaa mchana wa Februari, madirisha yamefungwa, atanielewa.

Basi mbona kuna watu wanaohama na kupona? Wapo, na siwabishii. Wazungu walipeleka wagonjwa wa pumu Davos, mji wa milimani Uswisi, kwa miaka mingi, na wengi walipata nafuu. Davos iko mita 1,560, karibu sawa na mji wa Meru! Kwa nini basi Meru haikuniponya mimi? Kwa sababu kinachosaidia kule si urefu wa mlima. Ni kwamba hewa ya ndani ya nyumba za Davos ni kavu, utitiri hawaishi. Meru iko karibu na mstari wa ikweta (ukitoka mjini kwenda Nkubu unauvuka), ina mvua na ukungu, na nyumba zetu hazina ukavu huo. Kisha ongeza moshi wa kuni.

Na kuhama kwingine hugeuka. Karne iliyopita Wamarekani wengi wenye pumu na mzio walihamia jangwa la Arizona kufuata hewa kavu. Walipofika wakapanda nyasi na miti ya makwao, miforosadi na mizeituni, na chavua ikajaa hewani, hadi katika miaka ya 1980 serikali ya eneo la Tucson ikazuia kuuza na kupanda baadhi ya miti hiyo. Walikuwa wamehama pamoja na ugonjwa wao.

Hapa kwetu pia kuna somo. Mwaka 1998 watafiti walichapisha matokeo ya kuwakimbiza watoto wa shule wa Nairobi na wa Murang'a na kupima pumzi zao kabla na baada. Watoto wa Nairobi ndio waliobanwa zaidi. Murang'a ni milimani kama kwetu, na Nairobi nayo si pwani. Kilichowatenganisha watoto hao si baridi na joto pekee, bali namna wanavyoishi, wanalala wapi na wanavuta nini.

Niliondoka Mombasa Machi 2025, si kwa sababu ya kifua bali kazi: nilipata ya kufanyia nyumbani, nikachagua Embu, katikati ya Nairobi na Meru. Embu iko chini kidogo ya Meru, kama mita 1,350, na baridi yake ni ya kistaarabu. Wengi huniuliza kama hewa ya Embu ndiyo imenifaa. Jibu langu ni kwamba kifua changu ni kizuri kwa sababu sijaacha dawa na sipiki kwa kuni. Februari vumbi la barabara likipanda bado napiga chafya. Julai bado navaa sweta. Kipimo changu asubuhi ya leo ni 510.

Kuna kitu kimoja zaidi kwenye faili zangu, na ndicho kilichonifanya nimpigie dada simu usiku ule ule. Desemba 2024 nilienda nyumbani kwa likizo ya wiki mbili na kile kipimo. Siku nne za kwanza vipimo vilikuwa vizuri. Siku ya tano mvua ikanyesha, nikaanza kukaa jikoni na nyanya jioni kama zamani. Siku ya nane asubuhi nilikuwa 390. Baridi ilikuwa ile ile siku zote. Kilichobadilika ni mahali nilipokaa.

Nikamuuliza dada: "Mtoto analala wapi?"

Akanyamaza kidogo. "Jikoni. Na nyanya. Kuna joto."

"Na dawa gani anatumia?"

"Ile ya samawati. Akibanwa."

Jumamosi nikapanda matatu, Runyenjes, Chuka, hadi Nkubu, kisha nyingine ya kupanda Githongo. Haikuwa rahisi. Nyanya alidhani nimekuja kumwambia kwamba yeye ndiye anamuua mtoto. Sikusema hivyo, na si kweli. Yeye alimpa joto, kitu alichokuwa nacho. Nilikaa naye nje, nikamwonyesha kile kipimo, akapuliza mwenyewe, akacheka kishale kilipokataa kusogea. Kisha akasema, "Na mimi nina miaka themanini ya moshi." Shirika la Afya Duniani linahesabu kwamba moshi wa majikoni ulihusika na vifo milioni 3.2 mwaka 2020. Sikumtajia hesabu hiyo. Alikuwa ameshaelewa.

Tulikubaliana mambo haya. Mtoto amehamia chumba cha mbele, na blanketi mbili na chupa ya maji moto kwa ajili ya baridi. Godoro linatolewa juani kila Jumamosi, na shuka zinafuliwa kwa maji moto. (Msitegemee hilo peke yake. Watafiti wa Denmark walijumlisha majaribio mengi mwaka 2008 na hawakuona kwamba kupambana na utitiri kwa njia hizi kunawasaidia sana wenye pumu. Mimi nafanya kwa ajili ya pua.) Jiko linatobolewa dirisha la pili na kuwekwa bomba la moshi, fundi nimemlipa mimi. Na la muhimu kuliko yote, Jumatatu dada alimpeleka mtoto kliniki, akaandikiwa dawa ya kila siku.

Kuhusu hili la dawa naomba mnisikilize. Inhela ya samawati, salbutamoli, inafungua misuli kwa saa chache tu. Haigusi ule uvimbe wa ndani. Ya kahawia ndiyo inayotuliza uvimbe, polepole, na ukiiacha uvimbe unarudi polepole pia, bila kukupigia simu. Ndiyo maana mimi nilijiona mzima Februari na kukaribia kufa Mei. Tangu 2019 mwongozo wa kimataifa wa pumu, ule wa GINA, umeacha kupendekeza kwamba watu wazima na vijana watumie salbutamoli peke yake. Kama wewe au mwanao mna ile ya samawati tu, muulizeni daktari swali hilo. Na ukijikuta unaihitaji zaidi na zaidi, au haifungui, au huwezi kumaliza sentensi, usingoje kukuche. Nenda hospitali.

Mtoto mdogo hawezi kupuliza na kuvuta kwa wakati mmoja, dawa yote inaishia ulimini. Anahitaji kichumba cha kati, na kile cha dukani ni ghali. Hapa ndipo wapenzi wa kuunda vitu mtafurahi. Mwaka 1999 Heather Zar na wenzake wa Cape Town walionyesha kwamba chupa ya plastiki ya mililita 500, ikitobolewa kitakoni tundu linaloshika mdomo wa inhela barabara na kuzibwa kwa gundi pasiwe na mwanya, iliwasaidia watoto waliobanwa na pumu karibu sawa na kifaa cha kununuliwa. Inhela inakaa kitakoni, mtoto anaweka midomo kwenye mdomo wa chupa, unapuliza mara moja, naye anapumua polepole. Ya mpwa wangu tumeitengeneza kwa chupa ya maji, na muuguzi aliikagua na kumfundisha namna ya kuitumia. Mtoto ameibandika picha ya simba.

Je, asiende Mombasa? Nilimwambia dada hivi: Mombasa si mbaya, na Meru si mbaya. Ningekwenda kuishi Tudor kesho, katika chumba cha juu chenye upepo, na inhela yangu ya kahawia mfukoni. Lakini msimpeleke mtoto wa miaka saba mbali na mama yake mkitegemea bahari ifanye kazi ya dawa na dirisha. Mkishatoa moshi, mkampa dawa miezi mitatu, na bado akawa anakohoa, hapo tutazungumza na daktari. Lakini tubadilishe kitu kimoja kimoja.

Shangazi wa Mombasa alinuna kidogo, alikuwa ameshanunua kitanda. Nimemwahidi mtoto atakwenda likizo ya Agosti.

Dada anaandika vipimo kwenye daftari la shule, asubuhi na jioni, na kunitumia picha. Jana usiku hakukohoa. Juzi alikohoa kidogo. Siku sita si data, najua. Lakini nimeanza kuchora grafu.

Wiki ijayo nitarudi kwenye programu. Kwa anayetaka ile skripti ya kuchambua taarifa za uwanja wa ndege, niandikie barua pepe nitamtumia. Hadi wakati huo, hifadhini nakala za data zenu, na fungueni dirisha.